Lenzi iliyotuliza ubao ikampaka winga

Fremu 11, zote ndani ya sekunde moja. Saa kumi na moja kasoro jioni, uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo, Lubumbashi, kivuli cha jukwaa kimeshafunika nusu ya nyasi. Winga mwenye jezi ya mistari nyeusi na nyeupe anachanja mbuga kando ya mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, mpira hatua mbili mbele yake. Lenzi ni ya milimita 70-200, iliyovutwa hadi 200. Shata, muda ambao kamera inafunguka, sehemu 1/800 ya sekunde; uwazi wa lenzi f/4; wepesi wa kunasa mwanga ISO 1000.

Kwenye skrini ya nyuma ya kamera zote zilikuwa nzuri. Kwenye kompyuta, kwa asilimia 100, mambo ni mengine.

Fremu ya 1 na ya 2: herufi za ubao wa tangazo nyuma ya winga zinasomeka moja moja, lakini winga mwenyewe amepakwa, kama rangi mbichi iliyopitiwa na kiganja. Pale mstari mweupe wa jezi unapokutana na mweusi hapana mpaka. Kuna kijivu, upana wake pikseli kumi na kitu. Fremu ya 3: winga safi hadi nyuzi za soksi, na ubao ndio umevutika. Ndivyo inavyotakiwa. Fremu ya 4: winga amerudi ghafla kushoto mwa picha na kila kitu kina kingo mbili. Ya 5, safi. Ya 6, ubao unasomeka tena.

Shata ni ile ile. Mshika kamera ni yule yule.

Majuma kadhaa sasa mfululizo huo umekataa kutoka akilini, kwa sababu dawa inayotolewa kila siku pembeni mwa uwanja, "ongeza kasi ya shata", haielezi kwa nini fremu ya 3 imekubali na ya 1 imekataa.

## Namba kwenye bukta

Ukungu una mwelekeo. Kabla ya kulaumu chochote, tazama unaelekea wapi.

Chukua namba iliyobandikwa kwenye bukta ya winga. Katika fremu ya 1, vipande vya namba vilivyolala vimekaza kama wembe; vilivyosimama vimepakwa. Basi ukungu ni wa kulala, kushoto kwenda kulia. Fokasi ikikosa haifanyi hivyo. Hutawanya ukungu pande zote sawasawa, na kwa kawaida utakuta ukanda wa nyasi uliokaza mahali fulani, mbele ya mchezaji au nyuma yake. Fokasi iondoe kwenye kesi.

Mkono uliotikisika hupaka picha nzima, ubao na mchezaji pamoja. Hapa ubao unasomeka. Mkono nao uondoe.

Anabaki winga na kasi yake. Tufanye hesabu. Winga anakimbia mita 7 kwa sekunde, yuko umbali wa mita 20, lenzi ni milimita 200. Kwa umbali huo kila mita ya uwanja inakuwa milimita 10 juu ya sensa, bamba la ndani linalopokea picha, kwa hiyo winga anaipita sensa kwa milimita 70 kila sekunde. Shata ya 1/800 inampa nafasi ya kusogea karibu milimita 0.09. Sensa ya fremu kamili, upana milimita 36, yenye pikseli milioni 24 ina pikseli za milimita 0.006. Gawanya: pikseli 15 hivi.

Pikseli kumi na kitu. Ndicho kijivu kile kile kati ya mweupe na mweusi.

Ila hesabu hiyo ina sharti lililojificha. Ni kweli tu kama kamera *imesimama*. Na kamera haikusimama. Kwa mita 20, lenzi ya 200 inaona upana wa mita 3.6 tu. Katika sekunde moja winga amekwenda mita 7, na katika fremu ya 11 bado yumo ndani ya picha. Kamera iligeuka pamoja naye, tena vizuri.

Kama kamera iligeuka, nani aliusimamisha ubao?

## Kisichoona

Jibu liko kwenye swichi ubavuni mwa lenzi: stebilaiza, mtambo wa kutuliza picha mkono ukitikisika, imewashwa, Modi 1, ile ya kawaida.

Ndani ya lenzi mna sensa mbili ndogo za mzunguko. Moja inasikia kamera ikiinua na kuinamisha pua, nyingine inasikia ikigeuka kushoto na kulia. Prosesa inazisoma mara nyingi sana kwa sekunde, kisha inaagiza koili za sumaku zisukume kundi la vioo upande wa pili, ili picha ibaki pale pale ilipokuwa. Kwenye kamera zenye stebilaiza ndani ya bodi kinachosukumwa ni sensa ya picha yenyewe.

Sensa hizo za mzunguko hazioni. Zinasikia bodi ya kamera, basi. Hazijui kwamba kuna winga. Kwao dunia imetulia na kila mzunguko ni kosa la mkono linalohitaji kufutwa. Kamera mpya huchanganya hesabu hiyo na kile zinachokisoma kwenye picha, lakini dhana ya msingi haijabadilika: kilichosimama ndicho kinachopigwa.

Kwenye harusi dhana hiyo ni sahihi. Kwenye kandanda imepinduka.

Sasa fremu zile zinajieleza. Kumfuata winga huyo ni kuigeuza kamera nyuzi 20 hivi kwa sekunde. Stebilaiza inalichukua geuko hilo kama mtikisiko na kusukuma vioo kinyume: ubao unatulia, winga anapakwa. Hizo ni fremu ya 1 na ya 2. Lakini vioo haviwezi kwenda mbali. Katika sehemu moja ya kumi ya sekunde kamera imeshageuka nyuzi 2, yaani moja ya tano ya upana wote wa picha, na hakuna stebilaiza yenye nafasi ya namna hiyo. Vioo vinagota ukingoni. Pale vilipogota havifanyi kazi yoyote, kamera inabaki na mkono wa mpigapicha peke yake, na mkono ulikuwa sahihi: fremu ya 3. Halafu mfumo unavirudisha vioo katikati ili uanze upya, picha inaruka, winga anarudi kushoto. Fremu ya 4, kingo mbili. Kisha ngoma inaanza tena.

Kiatu pia kinashuhudia. Mguu wa mkimbiaji uliokanyaga chini umesimama, haujalishi mwili unakwenda kasi gani. Katika fremu ya 3, ambapo kamera ilikwenda na kiwiliwili, kiatu kilichokanyaga kimepakwa na jezi ni safi. Katika fremu ya 1 ni kinyume: kiatu kilichokanyaga ni safi pamoja na ubao, jezi imepakwa. Ukiona kiatu kimetulia na uso umevutika, jua kamera ilikuwa upande wa ubao.

## Ilijulikana tangu mwanzo

Wengine watasema hili ni kosa la lenzi za bei rahisi. Si hivyo, na watengenezaji wenyewe waliliona mapema. Canon ilitoa lenzi yake ya kwanza ya stebilaiza, 75-300, mwaka 1995. Miaka miwili tu baadaye, 1997, ile ya 300 f/4 ilikuja na swichi ya Modi 2, ya kufagia: ikisikia kamera inageuka mfululizo upande mmoja, inaachia mhimili huo na kutuliza ule mwingine. Swichi haiongezwi bila sababu.

Majina yanachanganya. Canon wana Modi 1, 2 na 3. Sony nao wana 1, 2, 3. Nikon wana Normal, Active na, kwenye lenzi za karibuni, Sport. Neno Active limewaponza wengi. Mtu anadhani ni la vitu vyenye pilikapilika, anaiwasha siku ya mechi. Active ni kwa ajili ya mpigapicha aliye ndani ya gari au mtumbwi. Inachukua hata mitikisiko mikubwa na kuipinga. Kufagia nayo ni kuvuta kamba na lenzi yako mwenyewe. Normal ya Nikon angalau inatambua kufagia na kuachia mhimili. Active haitambui.

## Nusu sekunde ambayo hunayo

Hata ukiwa na modi sahihi, kuna suala la kuwaka. Ukibonyeza kitufe nusu, vioo vinafunguliwa kutoka kwenye kufuli lake, vinatafuta katikati, vinaanza kufuata. Kulingana na lenzi, hiyo ni nusu sekunde hadi sekunde nzima. Unaiona kwenye tundu la kuchungulia: picha inaruka kidogo, kisha inaganda kama imewekwa kwenye mafuta. Ukipiga kabla haijaganda unapiga vioo vikiwa safarini, na matokeo yanaweza kuwa mabaya kuliko kama stebilaiza ingekuwa imezimwa.

Kwenye mpira hakuna anayekupa hiyo sekunde. Kipa anarusha, beki anakosea, shuti linapigwa.

Hapo kuna mtego mdogo unaostahili kusimuliwa taratibu. Wapigapicha wengi wa michezo wameihamisha fokasi kutoka kitufe cha kupigia kwenda kitufe cha AF-ON nyuma, kinachobonyezwa kwa dole gumba. Ni mazoea mazuri. Lakini kwenye kamera za Nikon zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR), AF-ON *haiwashi* stebilaiza. Inawashwa na kitufe cha kupigia tu. Basi dole gumba linafuata mchezaji sekunde tatu nzima, fokasi inafanya kazi, wewe unaamini kila kitu kiko tayari, kisha kidole cha shahada kinashuka mara moja hadi chini, na ndipo stebilaiza inapoamka. Fremu ya kwanza ya kila mfululizo imeoza. Ya tatu ni nzuri. Mtu anailaumu fokasi mwaka mzima.

Kujua yako inafanyaje ni rahisi. Nenda chumba kisicho na kelele, weka sikio karibu na lenzi, bonyeza AF-ON peke yake. Ukisikia mvumo mwembamba, imewaka. Usiposikia, bonyeza kitufe cha kupigia nusu ulinganishe.

## Mpira hauendi kwenye reli

Je, Modi 2 basi inatosha?

Kwa baiskeli na mbio za mita 100, ndiyo. Mkimbiaji anakwenda upande mmoja kwa kasi moja, stebilaiza inapata muda wa kutambua kwamba unafagia. Winga hana adabu hiyo. Anakwenda mita nne, anakata ndani, anasimama, anarudi. Kila anapogeuka, mfumo unajiuliza upya: huu ni mfagio au ni mtikisiko? Wakati unajiuliza, unapinga.

Na kuna mhimili wa pili. Modi 2 ikiachia mlalo inaendelea kutuliza wima. Mpira wa kichwa kwenye kona ni mwendo wa wima. Kipa akiruka, ni wima na mlalo kwa pamoja. Wale wanaomkumbuka kipa wa Mazembe, Robert Kidiaba, mwaka 2010, timu yake ilipoitoa Internacional ya Brazil 2-0 na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, wanajua ule mruko wake wa kushangilia: ameketi chini, anadunda kwa makalio kwenda mbele. Jaribu kuufuata mruko wa namna hiyo kwa lenzi ya 400. Kichwa kinapanda na kushuka, kamera inapanda na kushuka nacho, na Modi 2 inashikilia wima kwa nguvu zote kwa sababu wima ndiyo iliyopewa ilinde.

## "Yaya, zimisha ile kintu"

Yaani kaka, zima stebilaiza. Hiyo ndiyo fatwa inayotolewa pembeni mwa uwanja, na vijana wakiisikia wanaizima siku ya kwanza na hawaiwashi tena. Nusu yake ni kweli.

Mkono wa binadamu hutetemeka mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Shata ya 1/1000 inafunguka kwa sehemu ndogo mno ya tetemeko moja. Hakuna kikubwa cha kutuliza hapo. Kanuni ya zamani inadai 1/200 kwa lenzi ya 200. Kwa sensa ya pikseli milioni 24 uwe mkali zaidi, dai 1/400. Kwa 1/800 umeshaivuka mara mbili. Faida ya stebilaiza imebaki ndogo sana, na hasara yake tumeipima: pikseli 15. Kwa biashara ya namna hiyo, kuzima ni akili.

Kinachosahaulika ni kwamba stebilaiza inafanya kazi mbili. Inatuliza picha inayorekodiwa, na inatuliza unachokiona kwenye tundu. Kwa lenzi ya 400 mkononi, dakika ya 70, mabega yamechoka, tundu linacheza kama boti. Alama ya fokasi inatoka kifuani mwa mchezaji inaangukia ubao. Hapo ukungu unaoupata ni wa fokasi, na umesababishwa na kuzima. Nimesoma ushauri mwingi wa "zima daima" ambao haugusi jambo hili hata kwa sentensi moja.

Kati ya kuwasha na kuzima zikaja Modi 3 ya Canon na Sport ya Nikon. Hazifanyi kitu kimoja. Modi 3 inaacha tundu bila kutulizwa, inahesabu kimyakimya, na kuingilia pale tu shata inapofunguka, huku ikiheshimu mfagio. Inafaa kwa mkimbiaji asiyetabirika, lakini usitarajie itulize unachokiona. Sport inatuliza tundu lakini kwa mkono mwepesi, ili usiburuzwe ukigeuka na picha isirukeruke kati ya fremu na fremu. Ukiwa na mojawapo, ianzie hapo. Lenzi nyingi za mitumba hapa Lubumbashi hazina hata moja. Zina kuwasha na kuzima, wakati mwingine 1 na 2. Kwa hizo, kinachoamua ni shata na unachokifanya kwa mwili wako.

Shata 1/1000 na zaidi: zima, usijadili. Kati ya 1/500 na 1/1000, jiulize kama unafuata au unasubiri. Ukifuata, zima. Ukisubiri mahali pamoja, kona, penalti, kipa kwenye mstari, iache iwake, ila kitufe kiwe kimebonyezwa nusu *kabla* ya filimbi. Chini ya 1/500 mchezo umebadilika: mchezaji mwenyewe ataanza kupakwa kwa miguu na mikono hata ukimfuata vizuri, na stebilaiza haina la kufanya juu ya mguu wa mtu. Kuna tofauti moja, nayo ni tamu. Ukitaka makusudi mandhari yavutike na uso ubaki, shuka hadi 1/60 au 1/30, weka Modi 2, fagia. Hapo Modi 2 iko nyumbani. Katika kila fremu kumi utatupa nane, na zile mbili zitakazobaki utazitundika ukutani.

## Moto (pikipiki) ni winga wa bure

Usiniamini. Lenzi yako ipime.

Pikipiki inayokwenda kilomita 30 kwa saa inapita mita 8 na kidogo kwa sekunde, kasi ya winga mzuri. Simama mita 20 kutoka barabarani, lenzi 200, shata 1/800. Chagua mahali unapojulikana, kando ya kiwanja cha kata kwa mfano, mbali na kambi na ofisi za serikali. Kamera ndefu barabarani huzaa maswali. Nenda asubuhi kabla ya saa tatu.

Piga pikipiki kumi stebilaiza ikiwa imezimwa, kumi Modi 1, kumi Modi 2, na kumi Modi 3 au Sport kama unayo. Fremu tano kwa kila pikipiki. Kila mara bonyeza kitufe nusu, sekunde nzima kabla ya kupiga. Kisha ongeza kundi la tano ambalo wengi huliruka: pikipiki kumi na stebilaiza imewaka, bila kubonyeza nusu, kidole kinashuka mara moja. Badilisha mpangilio katikati, usipige kumi zote za aina moja mfululizo, la sivyo utakuwa unapima uchovu wa mkono wako.

Nyumbani usitazame "picha nzuri". Tazama namba ya usajili au herufi za tanki kwa asilimia 100 na hesabu tu: zinasomeka, hazisomeki. Usiandike katikati-katikati. Kama umesahau fremu ipi ilikuwa modi ipi, programu ya bure ya ExifTool inasoma data zilizofichwa ndani ya faili, na kwa kamera nyingi itakwambia kama stebilaiza ilikuwa imewaka.

Angalia na umbali kati ya kichwa cha dereva na ukingo wa picha, fremu hadi fremu. Ukibadilika polepole, ni mkono wako. Ukiruka, ni vioo.

## Isiyo hatia

Stebilaiza nayo husingiziwa.

Uwanja wa Kamalondo una nyasi bandia, na Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijashika, nyasi hizo saa nane mchana zinachemka. Hewa juu yake inacheza. Mpigapicha ameketi chini kabisa, lenzi 400, mchezaji yuko lango la pili: anatazama kupitia mita 80 za hewa moto iliyolala sentimita chache juu ya ardhi. Ukungu wake una mabaka. Mwamba wa lango unapinda kama nyoka, fremu moja inapinda huku, nyingine kule. Hakuna shata wala swichi inayotibu hilo. Panda jukwaani ili utazame kwa juu, au subiri mchezo uje upande wako.

Lenzi za zamani zilizofungwa kwa adapta zina ugonjwa wao. Bodi yenye stebilaiza ndani haijui umefunga lenzi gani. Inakuomba uandike urefu wake kwenye menyu. Ukiwa na 200 huku menyu ikisema 50, inatuliza robo ya inachotakiwa. Ukirudi kwenye 50 na menyu imebaki 200, inasukuma mara nne ya inachotakiwa na kukutengenezea mtikisiko ambao mkono wako haukuufanya. Picha ya mtu aliyesimama wima inatoka imepakwa.

Na ule mlio wa kugongagonga ukitikisa lenzi baada ya kuitoa? Mara nyingi ni kamera iliyozimwa stebilaiza ikiwa bado inafanya kazi. Vioo vimebaki nje ya kufuli. Irudishe lenzi kwenye kamera, washa, acha kitufe, subiri mvumo ukome, zima. Mlio ukibaki hata baada ya hapo, na kona moja ya picha ni laini kuliko nyingine tatu stebilaiza ikiwa imezimwa, hapo kuna kilichovunjika. Mashimo ya barabara na begi lisilo na sponji vinatosha kufanya kazi hiyo.

## Utepe mweusi

Swichi ya stebilaiza iko mahali pabaya: ubavuni, pale lenzi inaposugua begi na paja. Inajigeuza yenyewe. Wanaofanya kazi hii kila Jumapili hubandika kipande cha utepe wa kitambaa juu yake, sentimita tatu, ncha moja imekunjwa ili ishikike na ivuliwe haraka. Kamera ya pili inayofungwa nyuma ya nyavu na kupigwa kwa rimoti ni lazima izimwe na kufungwa utepe: haishikwi na mtu, na stebilaiza za zamani zikikosa mtikisiko huanza kufuata kelele zao wenyewe na kuitelezesha picha iliyokuwa imetulia. Kwenye monopodi, nguzo ya mguu mmoja ya kushikia kamera, hakuna sheria moja. Nguzo inazuia kupanda na kushuka lakini inaruhusu kugeuka na kulala upande. Modi 2 au 3 zinafaa, Modi 1 haifai.

Mwanga wa Lubumbashi hauagi. Saa kumi na moja una 1/800 kwa f/4. Robo saa baadaye mawingu yakijaa una 1/500, kisha 1/320 na ISO inapanda, na karibu na saa kumi na mbili jua limekwisha. Dakika 20 za mwisho ndizo zenye magoli mengi ya kukumbukwa na ndizo zenye mwanga mbaya zaidi. Mwenye Sport au Modi 3 anavua utepe hapo. Asiye nazo anauacha, anafungua lenzi hadi f/2.8 kama inafika hapo, na anachagua nyakati ambazo mchezaji amefika juu ya mruko, pale ambapo kwa kitambo kidogo haendi popote.

Kisha filimbi. Wengine wanapiga magoti, wengine wanabadilishana jezi, kipa aliyefungwa ameegemea nguzo na glavu mdomoni. Hakuna anayekimbia tena. Utepe unatoka, Modi 1, kitufe nusu, hesabu moja, tundu linaganda kama mafuta. Shata 1/60, lenzi 200, mkononi. Nyavu zinahesabika kamba kwa kamba.